Shimo Halijaisha Mpaka Linyamaze: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Sarafu kwa Detekta

Detekta ya metali imelia, umechimba, sarafu imetoka. Mkono unaipangusa, macho yanatafuta mwaka, na mguu umeshaanza kusukuma udongo urudi shimoni ili safari iendelee. Hapo ndipo sarafu nyingi zinapoachwa ardhini.

Pesa haina desturi ya kudondoka moja moja. Mfuko ukitoboka, pochi ikifunguka, mtu akijilaza kwenye nyasi, hutoka mbili, tatu, pengine zote alizokuwa nazo. Waliofukia akiba yao zamani walizifukia kwa pamoja. Na detekta yenyewe, kwa jinsi ilivyoundwa, hukuletea habari ya metali yenye sauti kubwa kuliko nyingine mahali hapo. Iliyo chini yake au ubavuni mwake humezwa. Mwongozo huu unapitia hatua zote, tangu ruhusa hadi kusafisha, lakini utakaa sana kwenye ile ambayo watafutaji wengi huiruka: kulihoji upya shimo ulilokwisha kulichimba.

Ruhusa na usalama

Kila ardhi ina mwenyewe. Mwone, mweleze unachotaka kufanya, mwonyeshe jinsi unavyofukia, na mkubaliane mapema nani atachukua nini. Makubaliano ya maandishi, hata ya mistari mitatu, huzuia ugomvi siku kitakapopatikana kitu cha thamani.

Sheria hazifanani. Huko Uingereza, Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inamtaka aliyepata hazina aitolee taarifa ndani ya siku 14. Marekani ina sheria ya mwaka 1979 inayolinda mabaki ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka 100 katika ardhi ya serikali kuu. Ireland huruhusiwi kutafuta vitu vya kale kwa detekta bila kibali. Ulizia sheria ya ulipo kabla ya kuwasha mashine. Makaburi, magofu na maeneo yaliyohifadhiwa yaache kama yalivyo.

Mambo mawili ya usalama nayaweka mbele ya mengine yote. La kwanza ni nyaya za umeme na mabomba yaliyopita chini: yaulizie kwa mwenye eneo. La pili ni silaha. Palipowahi kupiganwa vita, chuma kizito chenye umbo la chupa au yai kinaweza kuwa kombora ambalo halijalipuka. Usilitingishe, usilisafishe, usilitoe. Weka alama, ondoka, piga simu polisi. Zaidi ya hapo vaa glavu, maana vipande vya vioo ni vingi kuliko sarafu, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijaisha muda.

Detekta husikiaje?

Mtu anaweza kutumia detekta kwa miaka bila kujua kilichomo ndani yake. Lakini kurudia shimo kunahitaji uelewe kidogo, vinginevyo utaona kama unapoteza muda.

Ndani ya ile sahani ya chini, yaani koili, mna mizunguko miwili ya waya. Mmoja unatuma uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Detekta nyingi za sarafu hufanya kazi kati ya kilohezi 5 na 20, na za kisasa hutuma masafa kadhaa kwa wakati mmoja. Uga huo ukigusa metali, huzua ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo huzua uga wake. Waya wa pili unaupokea uga huu mdogo. Detekta hupima nguvu yake na jinsi ulivyochelewa, na ucheleweshaji huo ndio unaogeuzwa kuwa namba kwenye skrini. Fedha na shaba, ambazo hupitisha umeme vizuri, hutoa namba za juu. Karatasi ya alumini na nikeli hutoa za chini. Chuma kina tabia zake, kwa sababu chenyewe huvutwa na sumaku.

Nguvu ya mlio hupungua haraka mno kadiri kitu kinavyozama. Uga unadhoofika ukishuka, kisha jibu nalo linadhoofika likipanda. Kitu kikiwa mbali kuliko upana wa koili, hesabu ya fizikia inakaribia kipeo cha sita: ukiongeza umbali mara mbili, mlio unaorudi unapungua mara 64 hivi. Kwa hiyo sarafu iliyo sentimita chache tu chini ya mwenzake huwa dhaifu zaidi kuliko vile mtu angedhani, na koili haiwezi kuitaja wakati ya juu yake inapiga kelele.

Kosa hili lina historia ndefu. Mwaka 1881, baada ya Rais James Garfield wa Marekani kupigwa risasi, Alexander Graham Bell alileta mashine yake ya kutafuta metali ili ionyeshe risasi ilipo mwilini. Mashine ilifanya kazi kwenye majaribio, lakini kwa mgonjwa ilitoa milio isiyoeleweka: kitanda kilikuwa na waya za chuma chini ya godoro. Tena daktari aliyeongoza matibabu aliamini risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko Bell alikopimishwa. Risasi ilikuwa kushoto. Metali moja ikaficha nyingine, na watu wakatafuta pale tu walipodhani. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoacha sarafu mashimoni hadi leo.

Vifaa

Detekta yenyewe, ndiyo, lakini usiinunue ukasahau pinpointa: kile kifimbo cha mkono chenye ukubwa wa tochi ambacho hulia au kutetemeka kikikaribia metali. Kama pesa hazitoshi, ni afadhali detekta ya kawaida na pinpointa nzuri kuliko detekta ya kifahari na vidole vitupu. Kwa sarafu, pinpointa nyingi huona umbali wa sentimita 3 hadi 5 tu, na ufinyu huo ndio faida yake shimoni.

Koili ya upana wa sentimita 23 hadi 28 inatosha kwa kazi nyingi. Ukiweza, tafuta na ndogo, ya sentimita 12 hadi 15. Haifiki kina kirefu sana, lakini penye misumari na takataka hupenya katikati ya vyuma na kuzisikia sarafu ambazo koili kubwa huzisikia kama fujo moja.

Hedifoni ni lazima. Milio ya pili, ile inayobaki baada ya sarafu ya kwanza kutoka, mara nyingi ni minong'ono, na spika ya mashine hushindwa na upepo.

Kisha sepetu ndogo ya mkono iliyo imara, mfuko wenye sehemu mbili (vya kuhifadhi na takataka), na kipande cha turubai cha kuwekea udongo. Angalia turubai lisiwe na pete za metali pembezoni, la sivyo litakudanganya kila ukipitisha koili juu yake. Pete zikiwepo, zikate.

Mahali pa kutafuta

Sarafu hupatikana pale watu walipokaa, walipolipa, walipocheza na walipopumzika. Chini ya miti mikubwa yenye kivuli, kando ya njia za miguu za zamani, kwenye viwanja vya mikutano na michezo, karibu na vivuko, mbele ya milango ya nyumba zilizobomolewa. Ramani za zamani ukizilinganisha na picha za setilaiti za sasa hukuonyesha njia na majengo yaliyopotea. Wazee wa mahali huonyesha mengine ambayo hayamo kwenye ramani yoyote: mnada ulikuwa hapa, ngoma zilichezwa pale.

Usikate tamaa na mahali "palipomalizwa" na wengine. Palipochimbwa na watu wenye haraka pana mashimo mengi ambayo hayakurudiwa.

Kuandaa mashine

Sawazisha udongo kwanza. Udongo una madini yake, na detekta isipoyazoea italia ovyo au itakosa kina. Tafuta pahali pasipo na metali, kisha pandisha na kushusha koili kati ya sentimita 3 na 30 huku mashine ikiwa kwenye hali ya kusawazisha, hadi mlio utulie. Ukihamia kwenye udongo wa rangi nyingine, rudia.

Usikivu usiuweke juu kabisa kwa tamaa ya kina. Upandishe hadi mashine ianze kupayuka, halafu ushushe kidogo mpaka itulie. Nyaya za umeme, detekta ya jirani na simu yako mwenyewe huleta fujo, kwa hiyo simu iwekwe mbali na koili.

Uchujaji, yaani kuiambia mashine inyamazie metali fulani, ndipo ninapotofautiana na watu wengi. Mwanzo wanakuambia uzime sauti ya chuma ili usichoke. Mimi nasema iache isikike, kwa mlio mnene wa chini ambao sikio linautambua upesi. Ukiizima kabisa, unatembea juu ya rundo la misumari ukidhani ardhi ni tupu, kumbe sarafu inanung'unika katikati yake. Ukiwa unaisikia misumari, unajua pa kupunguza mwendo. Kama mashine yako inaruhusu kubadili kasi ya kuitikia, iongeze penye takataka: detekta inayopumua haraka baada ya msumari ndiyo inayowahi kuisikia sarafu iliyo ubavuni.

Mwisho, jua sarafu za eneo lako zimetengenezwa kwa nini. Sarafu za Marekani za senti 10, 25 na 50 za hadi 1964 zina fedha asilimia 90, na hulia juu kabisa. Ile ya senti tano ni nikeli robo na shaba robo tatu; inaangukia chini, jirani na vishikio vya makopo. Peni moja na mbili za Uingereza tangu 1992 ni chuma kilichopakwa shaba, sawa na senti 1, 2 na 5 za euro. Hizi zinaweza kusoma kama chuma au kurukaruka. Pitisha sarafu za kwenu mbele ya koili nyumbani, uandike namba zake kwenye karatasi.

Kutembea na kusikiliza

Koili iwe sentimita 2 au 3 juu ya ardhi, sambamba nayo, kulia hadi kushoto bila kuinuka kwenye ncha za mzunguko. Wengi huipeperusha kama panga la kufyekea nyasi, na kwenye ncha zote mbili inapaa hewani, wakipoteza sehemu ya ardhi bila kujua. Kila mpito ukanyage nusu ya uliotangulia. Nenda polepole. Eneo dogo lililopitiwa vizuri kwa pande mbili, kaskazini-kusini kisha mashariki-magharibi, hutoa zaidi ya shamba zima lililokimbiwa.

Ukisikia mlio, usichimbe bado. Simama, upitishe koili kwa mapito mafupi, kisha geuka nyuzi 90 uusikilize kutoka ubavuni. Sarafu iliyolala huwa na mlio mfupi, wa mviringo, unaojirudia pande zote. Msumari mara nyingi hulia vizuri kwa upande mmoja na kupotea au kunguruma kwa mwingine. Ukisikia mlio mpana kuliko kawaida, au milio miwili inayofuatana upande mmoja tu, andika akilini: huenda zipo zaidi ya moja. Namba inayopanda na kushuka bila kutulia nayo ni habari, maana metali mbili tofauti zilizokaribiana huchanganya namba zao. Wengine huipita kwa kudhani ni takataka. Mimi ndiyo ninayoichimba kwa hamu zaidi.

Kabla ya kukata, kumbuka mambo matatu: namba ilikuwa ngapi, upana wa mlio ulikuwaje, na kina kilichokadiriwa ni kipi. Utayahitaji baada ya dakika chache.

Kukata shimo

Kwenye nyasi, kata umbo la kiatu cha farasi: pande tatu, ya nne ibaki kama bawaba. Upana usipungue sentimita 20. Shimo jembamba linavutia kwa sababu linafukika upesi, lakini sepetu yako inaweza kupita juu ya sarafu na kuikwangua, na baadaye hutakuwa na nafasi ya kukagua kuta. Ingiza sepetu wima, ng'oa bonge lote na mizizi yake, ulilaze upande wa bawaba. Udongo unaofuata umwage kwenye turubai, mita moja au zaidi kutoka shimoni. Umbali huo unahesabika: koili ikiwa juu ya shimo isisikie lundo, na ikiwa juu ya lundo isisikie shimo. Wakati wa ukame mkali usikate nyasi za watu. Zitakauka, na ruhusa itakauka nazo.

Zima au weka mbali detekta unapotumia pinpointa, maana zikikaribiana huingiliana. Elekea kwenye kitu kwa kuondoa udongo pembeni yake. Usikichokonoe na ncha ya chuma.

Kurudia shimo

Sasa umeitoa. Iweke mfukoni bila kuisugua na ujiulize swali moja kabla ya lolote: *kilichotoka kinalingana na kilicholia?*

Tuseme skrini ilikuwa inaruka kati ya 30 na 80, mlio mpana, kina cha sentimita 15. Umefika sentimita 9, umetoa msumari uliopinda na kuvimba kwa kutu. Wengi watakuambia, "Basi, kumbe ni msumari," na kufukia. Lakini msumari haukuwa na sababu ya kukuletea 80 inayojirudia. Ni kweli kuwa chuma kikubwa, bapa au chenye umbo la pete kinaweza kudanganya na kusoma juu. Msumari mwembamba ukikufanyia hivyo kwa pande zote mbili ni nadra. Na kina hakilingani: mashine ilisema 15, wewe umeishia 9. Aliyesema 80 bado yumo shimoni.

Unafanya hivi. Kwanza ondoa metali zako zote karibu: sepetu, mfuko wa vilivyopatikana (ukipiga magoti huning'inia juu ya shimo kabisa), saa, pete. Viatu vyenye ncha ya chuma navyo vivute nyuma.

Pili, ingiza pinpointa. Anza na sakafu ya shimo, ukiigusisha ncha kila sehemu. Kisha kuta zote nne, ukiilaza ubavu na kuipandisha polepole kutoka chini hadi juu. Usiangalie ukuta uliodhani tu. Sarafu nyingi za pili huwa ukutani, nje kidogo ya ulipokata, zimesimama wima kama kitu kilichochomekwa. Sarafu iliyosimama hivyo huionyesha koili ukingo wake mwembamba, na ndiyo sababu haikusikika vizuri kutoka juu. Malizia kwa upande wa chini wa bonge la nyasi, na pale kwenye bawaba. Mizizi hushika sarafu.

Tatu, pitisha koili juu ya shimo lililo wazi, bila uchujaji wowote, kwa pande mbili. Ile metali iliyokuwa ikimeza nyingine haipo tena, kwa hiyo hata kama umbali haujabadilika, sasa kunasikika kitu ambacho dakika tano zilizopita kisingesikika. Kwenye udongo wenye madini mengi, kingo za shimo zenyewe zinaweza kuleta kelele. Kipimo ni kimoja: metali ya kweli hujirudia mahali pale pale ukipita kutoka upande wowote, kelele za ukingo huhama na mwendo wa koili. Una koili ndogo na shimo ni pana? Ishushe ndani. Kila sentimita unayoishusha ina thamani kubwa, kwa ile hesabu ya kipeo cha sita.

Nne, lundo. Litandaze kwenye turubai liwe na unene wa kiganja na upitishe koili, halafu pinpointa. Sarafu ndogo yenye rangi ya udongo hutoka na sepetu ya pili au ya tatu bila jicho kuiona. Bonge la udongo mgumu lisilovunjika ndilo la kulivunja kwa vidole: mara nyingi kuna kitu katikati yake ambacho udongo umejishikiza kwake.

Tano, ongeza kina. Pinpointa inaona sentimita 3 hadi 5 tu, kwa hiyo sakafu iliyo kimya ina maana ya kimya cha sentimita hizo, basi. Kwangua sentimita 5 zaidi na ukague tena. Hili sifanyi kwenye kila shimo. Mtu angemaliza siku kwenye mita moja ya ardhi. Nalifanya pale dalili zilipo: namba haikulingana, mlio ulikuwa mpana, umetoka msumari, zimetoka sarafu mbili, au sarafu ya kwanza ni ya zamani na ilikuwa ndani sana. Ukipata nyingine, hesabu ya sentimita 5 inaanza upya.

Na takataka? Kishikio cha kopo, kizibo cha chupa, ganda la risasi, vyote ni metali zinazomeza. Vitoe vyote na uondoke navyo. Hakuna anayeruhusiwa kuvirudisha shimoni, kwa sababu vitaifunika sarafu iliyo chini kwako wewe ukirudi, na kwa atakayekuja baada yako.

Sita, fukia, rudisha bonge, kanyaga liwe sawa, kisha pitisha koili mara ya mwisho. Hatua hii inachukua sekunde kumi na watu wanaiona ya bure. Fikiria: sarafu iliyokuwa sentimita 25 chini, isiyosikika, ikachanganyika na udongo wa lundo ukaikosa, sasa umeirudisha ikiwa sentimita 8 kutoka juu. Italia waziwazi. Ikiwa kimya, na kwa pande zote mbili, shimo limeisha.

Kuzunguka shimo

Sarafu moja ikitoka, piga duara. Anza ukingoni mwa shimo na zunguka kwa konokono, ukipanua hadi mita mbili, na mwendo uwe nusu ya ule wa kawaida. Kama ni shamba linalolimwa, jembe limeburura vitu kufuata mwelekeo wa mitaro, hivyo duara lako lirefushe upande huo, mbele na nyuma, mita kadhaa. Kama ni mteremko, tafuta zaidi upande wa chini.

Weka alama mahali hapo na urudi siku nyingine, udongo ukiwa na unyevu baada ya mvua, ukiwa na koili tofauti, ukitembea kutoka upande ambao hukuutumia. Kila msumari uliouondoa siku ya kwanza umefungua dirisha ambalo siku hiyo hukuwa na muda wa kuchungulia.

Ukikuta nyingi, simama

Yote niliyosema yana kikomo. Ikiwa shimo linatoa sarafu baada ya sarafu, zimegandana, au unaona ukingo wa chungu, acha kuchimba. Tamaa itakuambia umalizie kabla giza halijaingia. Ikatalie kwa sauti ikibidi.

Aprili 2010, karibu na Frome nchini Uingereza, Dave Crisp alichimba mlio wa ajabu akakuta sarafu ndogo na mdomo wa chungu. Akaacha, akafukia shimo, akawaita wanaakiolojia. Walichimbua kwa tabaka, na ndani ya chungu kimoja zikahesabiwa sarafu 52,503 za Kirumi. Kwa kuwa zilitolewa kwa mpangilio, iliwezekana kujua zipi ziliwekwa chini na zipi juu. Habari hiyo haipatikani tena mtu akishazimwaga kwenye ndoo. Vivyo hivyo Hoxne, huko huko Uingereza, Novemba 1992: Eric Lawes alikuwa anatafuta nyundo ya rafiki yake iliyopotea shambani, akaanza kupata fedha na dhahabu, akasimama na kutoa taarifa. Wanaakiolojia wakatoa sarafu karibu 15,000, pamoja na mabaki ya sanduku la mbao na jinsi vitu vilivyopangwa ndani yake. Hata ile nyundo ilipatikana.

Ukiacha, piga picha na kipimo kando, weka alama, funika, mjulishe mwenye ardhi na mamlaka ya mambo ya kale. Usiitangaze mitandaoni. Mashimo ya usiku ya watu wengine yataanza kabla wataalamu hawajafika.

Nyumbani

Usisugue. Chembe moja ya mchanga chini ya kidole gumba huchora mstari usiofutika kwenye sarafu iliyokaa ardhini miaka 200. Loweka kwenye maji safi, badilisha maji, acha udongo ulainike wenyewe, kausha kwa kugusishia kitambaa. Sarafu ya zamani ya shaba ina ngozi ya kijani au kahawia inayoilinda. Ukiitoa kwa ndimu, siki au dawa ya kung'arisha, umeondoa maandishi pamoja nayo, na thamani. Za kisasa zenye kutu zisafishwe utakavyo, ila usizichanganye chombo kimoja shaba na nyeupe, zitabadilishana rangi.

Kila iliyopatikana iwe na mfuko wake wenye tarehe, mahali na kina. Andika pia vilivyotoka nayo shimo moja: sarafu ya pili ukuta wa mashariki, msumari juu, kitufe kwenye lundo. Hamisha alama hizo kwenye mchoro wa eneo. Mashimo yakishakuwa mengi, utaona yanajipanga: mstari wa njia iliyokufa, duara la kivuli cha mti usiokuwepo tena, mtawanyiko unaokazana upande mmoja. Hapo utajua koili uitue wapi mara nyingine, na ni shimo lipi la zamani linalostahili kufunguliwa tena.